Tumbo la Tanga

Mama mkubwa wangu alishona maturubai ya malori kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna kazi hata moja iliyorudishwa mlangoni kwake. Hilo alilisema mwenyewe, na madereva walioliunga mkono walikuwa wengi. Turubai lake lilikaa juu ya mzigo bila kukunjamana popote. Mvua ililigonga ikateremka zake, na upepo wa barabarani ukakosa pa kushika. Madereva walimbandika jina la Kaza, kwa sababu kila aliyeingia kwenye karakana yake alimkuta ameinamia kitambaa, akiuambia uzi kwa sauti ya chini: kaza, kaza. Jina likamganda hata ankara ya umeme ikawa inaletwa kwa Fundi Kaza.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya gereji. Ndani mlikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu iliyokwanguliwa na mikasi, feni ya kusimama iliyokosa kifuniko, na harufu ya nta anayopaka kwenye uzi. Maturubai yakiadimika alishona mapazia ya ofisi. Alikuwa akienda kuyatundika mwenyewe, ngazi begani, maana aliamini pazia zuri huharibiwa na mtundikaji.

Mdogo wake, yaani mama yangu, ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Baba yao alipofariki, Kaza alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Akakalia cherehani ya baba, akishona magauni kabla hajahamia maturubai, mdogo wake akaendelea na masomo. Hakuna aliyelia wala kumlaumu mwenzake, mambo yalikwenda hivyo tu. Lakini mama yangu alipokuwa akimweleza dada yake jambo lolote, iwe ni mita ya umeme au dawa ya presha, alilieleza polepole na kwa kulirudia mara mbili, kama mtu anayemsomea mtoto. Dada yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, mwalimu," kisha akaenda kufanya alivyoona yeye. Walipendana sana hawa ndugu wawili. Kijiba kidogo tu ndicho kilichokuwa katikati yao, na walikuwa wamekizoea.

Siku moja aliingia karakanani mpimaji wa bwawa la maji ya mji. Wenzake walimwita Kina, kwa kuwa kazi yake ni kupima kina cha maji, maana mazungumzo yake hayakuwa na kina chochote. Alikuwa kijana mwembamba, mchangamfu, anayeongea tangu anapofungua mlango hadi anapoufunga. Alieleza shida yake. Kila wiki huzunguka bwawani kwa mashua, anasimama kwenye maboya ishirini na nne, anatumbukiza kamba yenye kipande cha risasi cha kuizamisha, anaandika kina, anachota maji kidogo kwenye chupa. Alikuwa akitumia injini. Mwezi uliopita watu walifungua mabomba wakaona maji yameelea utando wa mafuta, na uongozi ukapiga marufuku injini yoyote juu ya bwawa. Sasa anapiga makasia. Bwawa lina urefu wa kilomita tatu.

"Nimesimamisha bomba la chuma katikati ya mashua liwe mlingoti," alisema. "Nishonee tanga, fundi. Pembetatu tu. Likaze kama lile la lori la saruji."

Mama mkubwa hakuwahi kushona tanga, lakini pembetatu aliijua. Alichora sakafuni kwa chaki, akakata turubai zito, akalishona kwa mshono wa mara mbili, akalitia macho ya chuma ya kupitishia kamba kwenye pembe. Likatoka bapa na gumu kama mlango. Kina aliliona akafurahi, akalibeba kichwani.

Kesho yake asubuhi akaingia nalo majini. Upepo wa bwawani huvuma kutoka ukutani, yaani upande wa ofisi, kwenda mwisho wa bwawa. Ulimpiga mgongoni, tanga likausukuma mlingoti, mashua ikaenda. Alifika mwisho wa bwawa kabla hajamaliza kuimba nyimbo anazozijua. Kisha akageuka arudi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila alivyolielekeza tanga, mashua ilikwenda ubavuubavu kama kaa, ikazidi kumsogeza kwenye matete. Mwisho alilifunga tanga akashika makasia. Alirudi saa tisa mchana, viganja vimetoka malengelenge.

Alipoingia karakanani siku iliyofuata, mikono imefungwa bendeji na turubai liko begani, Mama mkubwa alisimama kabla hajaambiwa kitu.

"Mshono umeachia wapi?" aliuliza.

"Haujaachia popote, mama."

"Macho yameng'oka?"

"Hayajang'oka. Kwenda limenipeleka vizuri sana. Tatizo halijui njia ya kurudi."

Alilitandaza mezani akalikagua mshono kwa mshono, akitafuta kosa. Afadhali angeliona. Kazi ya kwanza kurudishwa katika miaka thelathini na moja ilikuwa nzima, haina hata uzi uliolegea, na bado haifai.

Jumapili ile alikuja kwetu na daftari. Aliweka swali lake mezani kabla hata ya kuvua viatu: inawezekanaje chombo kisukumwe na upepo kikaenda kule upepo unakotoka? Mama alifurahi, maana si kila siku unaulizwa swali la fizikia sebuleni. Akachukua karatasi ya mtihani, akaigeuza nyuma, akajaza mishale: huu ni upepo, hii ni nguvu ya tanga, hii ni nguvu ya maji, ukizijumlisha inabaki hii ya kwenda mbele. Akaeleza mara moja. Akaeleza mara ya pili, polepole.

"Haya, mwalimu," alisema Mama mkubwa. Akafunga daftari, akavaa viatu. Mlangoni akageuka. "Mdogo wangu, hivi wewe umewahi kupanda mashua ya tanga?"

Mama aliiangalia mishale yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi. Nimeifundisha tu."

"Basi Jumamosi twende tukaione."

Yaliyotokea Jumamosi ile nimeyasikia kwa midomo mitatu, na kila mdomo una toleo lake, kwa hiyo nasimulia pale wote watatu wanapokubaliana. Waliingia mashuani wakiwa wamevaa jaketi za kuokolea, kwa sababu kati ya hao dada wawili hakuna aliyejua kuogelea. Mama mkubwa alikaa katikati, ameshika ubao wa kukalia kwa mikono miwili, na kwa dakika kumi za kwanza hakuangalia kitu kingine isipokuwa vidole vyake. Kina aliliinua lile tanga bapa. Mashua ikaanza kuteleza ubavu.

Mama mkubwa ndipo akainua macho. Aliangalia maji yalivyokuwa yakipita chini, akaangalia ufukwe, akaangalia tanga. "Hii mashua inateleza kama satini juu ya meza," alisema. "Huwezi kukata satini hujaichoma pini. Chini ya hii pana nini?"

Kina akasema chini hamna kitu. Mashua zile zilitengenezwa kwa ajili ya injini, tumbo lake bapa kama sinia.

Mama akarukia hapo hapo. Alisema ndiyo maana vyombo vya tanga vina mkuku, ule ubao mrefu wa chini, ili maji yakizuie chombo kisiende ubavu. Akaanza kutafuta mfano, akigusa mifuko kama kwamba chaki iko humo. Dada yake akamtangulia.

"Ni pazia," alisema.

"Pazia vipi?"

"Ukisimama pembeni ukavuta pazia, mkono wako unavuta huku, kwa mshazari. Lakini pete zimeshika fimbo, haziwezi kukufuata wewe. Zinafuata fimbo. Upepo uvute unakotaka. Ukiipa hii mashua fimbo ndani ya maji, itakwenda kwenye njia yake yenyewe."

Mama yangu amechora mishale ile ubaoni kwa miaka ishirini na miwili. Anasema alimtazama dada yake pale kwenye mashua kana kwamba ametambulishwa kwake siku hiyo.

Hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili waliipata kwa ajali. Upepo ulichapa ghafla, mtandio wa Mama mkubwa ukapeperuka kichwani, akaudaka kwa ncha mbili. Kitambaa kikajaa hewa na kuvimba katikati, kikaanza kumvuta mikono. Alikiinamisha kidogo ili upepo usiingie moja kwa moja bali upite kwa kando, akadhani mvuto utapungua. Ukaongezeka, tena sasa ulimvuta upande wa nje ya uvimbe, kwa mbele. Akaliangalia turubai lake. Lilikuwa gumu, limekazwa, halina tumbo hata la kusingiziwa. Upepo uliligonga ukatawanyika ovyo.

Mama alieleza, safari hii bila kurudia. Alisema upepo ukiingia kwenye mkunjo unafuata mkunjo, unatoka umegeuzwa njia. Chochote kinachougeuza upepo kwenda huku, chenyewe kinasukumwa kule. Na upande wa nje wa tumbo hewa inapita kasi na kanieneo, yaani mgandamizo wake, inashuka, kwa hiyo tanga linafyonzwa kuelekea huko. Ili kuonyesha upande wa nje ni upi, alisimama.

Mashua haikuwa na habari na somo. Iliyumba kidogo, mwalimu akakaa chini kwa nguvu, ila alipokaa palikuwa nje ya mashua. Jaketi likamwibua mara moja, miwani bado ipo usoni, kinywa bado wazi kwenye neno kanieneo. Mama mkubwa alimshika kwa ukosi wa jaketi akamvuta ndani kama anavyovuta turubai juu ya lori, na alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama naye alikuwa akitetemeka kwa baridi na kicheko. Kina anasema hajawahi kuendesha watu wa ajabu kama wale.

Kuanzia Jumatatu, mama akawa anapitia karakanani kila akitoka shule, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya gauni. Mama mkubwa aliacha turubai, akachagua kitambaa chepesi cha mahema kisichopitisha hewa. Kisha akalikabili swali ambalo, alisema, ndilo ushonaji wote: kitambaa ni bapa, mwili ni wa mviringo, na fundi yuko katikati. Hakuna aliyewahi kumfundisha fizikia ya upepo, lakini alijua kifua cha gauni kinavyotoka kwenye kitambaa bapa. Hukati vipande vyenye kingo zilizonyooka. Unakata kingo zenye upinde kidogo, na unapounganisha upinde na upinde, tumbo linajizaa lenyewe.

Tanga la kwanza la namna hiyo lilikuwa na kitambi. Walilitundika mbele ya feni, mama akashika pembe ya chini, na Mama mkubwa akashonea nyuzi fupi za sufu nyekundu pande zote mbili aone hewa inavyopita. Nyuzi za mbele zililala vizuri kwenye kitambaa. Za nyuma ya tumbo zilichezacheza, nyingine zikaelekea mbele kama zimepotea. Mama akasema hewa imeshindwa kuufuata mkunjo mkali kiasi hicho, imebanduka. Mama mkubwa akachukua kisu cha kufumulia. Alifumua mara tatu. Mwishowe tumbo likatulia kwenye shibiri moja kwa kila mita mbili za upana, na sehemu yake nene ikawa mbele ya katikati, karibu na mlingoti. Feni ikawashwa, na nyuzi zikalala zote, ndani na nje, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Katika jioni hizo ndipo walipozungumza juu ya shule, jambo ambalo hawakuwahi kulizungumza. Mama alisema siku zote aliona haya kusoma kwa jasho la dada yake, na ndiyo maana alimweleza kila kitu, kana kwamba anamrudishia masomo kidogo kidogo. Mama mkubwa alifikiri, huku akitia uzi kwenye sindano. Akajibu kwamba shule hakuionea wivu hata siku moja, cherehani aliipenda. Kilichomchosha ni kuelezwa kabla hajauliza.

"Basi nitasubiri uulize," alisema mama.

"Nitauliza. Usinirudie mara mbili tu."

Kina, kwa upande wake, alitafuta seremala akachongewa mbao mbili, akazining'iniza ubavuni mwa mashua, moja kila upande, za kuteremshwa majini na kupandishwa. Hizo ndizo zikawa pini za satini na fimbo ya pazia.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kuridhishwa, naye ni msimamizi wa bwawa, mzee makini aliyevaa saa mbili, moja ya mkononi na moja ya mnyororo, kwa sababu hakuiamini hata moja. Aliwaambia watatu wale kwamba ameshaandika barua ya kuomba wapiga makasia wanne. Ataipeleka mchana, ila kama mashua itakwenda na kurudi kwa upepo kabla ya saa sita, ataichana. Ilikuwa saa tatu unusu, na upepo ulivuma kutoka ukutani kama kawaida.

Kwenda hakukuwa na hadithi. Kwenye boya la mwisho walizungusha mashua, wakateremsha ubao, Mama mkubwa akashika kamba ya tanga, mama akapewa kazi ya kuangalia nyuzi, na Kina usukani. Walilenga kwa mshazari, upepo ukitokea mbele na kando. Tanga likatikisika kama shuka kwenye kamba. Mama mkubwa akavuta kamba kidogo kidogo, kama anayeingiza kitambaa chini ya sindano, mpaka mtikisiko ukaisha. Nyuzi zikalala. Mashua ikainama ubavu, ikatulia, na maji yakaanza kuzungumza mbele yake.

Walikuwa wanakwenda.

Kisha Mama mkubwa akauliza, na ni swali alilolitaka mwenyewe, "Mbona upepo umegeuka? Mwanzo ulinipiga shavuni, sasa unanipiga puani."

"Haujageuka," alisema mama. "Sisi ndio tumeongeza mwendo. Ukiendesha baiskeli siku isiyo na upepo, unausikia usoni. Tanga linapata upepo wa bwawa na upepo wa mwendo wetu, vyote pamoja." Akanyamaza hapo. Ilimgharimu, lakini alinyamaza.

Walikwenda hivyo hadi karibu na ufukwe, wakageuza, tanga likahamia upande wa pili, wakalenga mshazari mwingine. Mabaharia huuita mwendo huo kupiga bisho. Mama mkubwa aliuita mshono wa zigizaga. Kila mshazari uliwasogeza ukutani kidogo. Mara moja Kina aliingiwa na tamaa, akaielekeza mashua karibu kabisa na upepo ili akate njia. Nyuzi zikaanguka, tanga likapigapiga, mashua ikasimama kama mbuzi aliyegoma. Mama mkubwa akamwambia ameibana mno, aipe nafasi. Akaigeuza pembeni kiasi, ikaondoka tena. Baada ya hapo hakurudia. Alielewa kuwa upepo hauendewi uso kwa uso, unazungukwa kwa adabu.

Waligusa ukuta saa tano na dakika ishirini kwa saa ya mkononi, na dakika ishirini na tatu kwa saa ya mnyororo. Msimamizi alizilinganisha zote mbili. Kisha alipiga magoti kwenye zege, akainama kuchungulia nyuma ya mashua na chini yake, akitafuta injini. Alipoinuka alikuwa na maji kwenye kofia. Akaitoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akaviweka tena mfukoni kwa kuwa hakuna kutupa taka bwawani.

Sasa zipo mashua nne za kupimia, zote zimevaa kazi ya Mama mkubwa. Ameongeza maneno kwenye kibao cha nje: Maturubai, Mapazia, Matanga. Wiki ya kwanza majirani watatu waliingia kwa upole kumpa pole na kuuliza msiba ni wa nani. Akakitoa kibao, akaandika upya: Matanga ya Mashua. Ana miaka hamsini na minne, na amejifunza kuogelea. Anasema ni rahisi kuliko kupanda ngazi na mapazia. Kila muhula, mama humwalika kidato cha tatu siku ya somo la nguvu. Huingia na fimbo, pete, na kipande cha pazia, halafu huwataka wanafunzi wavute kutoka pembeni. Mwalimu wa fizikia hukaa dawati la nyuma.

Na Jumamosi jioni, kazi ikiisha, msimamizi huwaachia mashua moja wale dada wawili. Mwezi uliopita walibishana katikati ya maji kama kinacholivuta tanga zaidi ni msukumo wa ndani au mfyonzo wa nje. Kina alikuwa abiria. Alisema jambo lile ni moja tu linalotazamwa pande mbili, na kwamba yeye ana njaa. Hawakumsikia. Walizunguka boya la tisa mara tatu, Mama mkubwa akishika kamba na mama akishika usukani, mpaka alipowaomba wamshushe, atembee kwa miguu.